Chokaa jichoni na ulaini wa ukingo wa konea

Mhariri,

Naomba nafasi niwakumbushe mafundi wanaochanganya chokaa ya kukarabatia nyumba za Mji Mkongwe kwamba chokaa ikiingia jichoni huweza kuunguza ukingo unaoizunguka konea (sehemu angavu ya mbele ya jicho), ambamo mna seli shina zinazolifanya upya tabaka lake la juu.

Ukingo huo ni laini kuliko katikati ya konea, na ulaini wenyewe (jambo ambalo mimi binafsi sikulidhania) ni sehemu ya hifadhi: juu ya tishu laini seli hubaki shina, lakini tishu ikikakamaa kwa kuungua, protini iitwayo YAP huingia katika kiini cha seli, nazo seli hupoteza ushina wao, hata konea ikafunikwa na ukungu. Mwaka 2019 watafiti wa Newcastle, Uingereza, walionyesha kuwa kimeng'enya cha kolajenesi, kinachovunja nyuzi za kolajeni katika tishu, kinaweza kuulainisha ukingo uliokakamaa.

Tiba hiyo haijafika kwetu. Kwa hiyo naomba wakandarasi waweke maji safi mengi karibu na kila karo la chokaa, ili jicho lioshwe papo hapo, kabla ya safari ya hospitali.

Msomaji wako,
Malindi, Unguja