Ngome Kongwe haikujengwa na Mreno, tusiwadanganye wageni

Mhariri, assalam alaykum. Naomba nafasi nitoe dukuduku langu. Watembeza wageni wetu pale Forodhani, Unguja, wengi wao ukiwasikiliza wanawambia wazungu kwamba Ngome Kongwe kajenga Mreno, na kwamba Mreno alitutawala miaka 200 kwa namna ile ile ya Mwingereza. Yote mawili siyo.

Ngome ile kajenga Muomani baada ya Mreno kushaondoka. Cha Mreno pale kilikua kanisa, na kipande cha ukuta wake mpaka leo kimo humo humo ndani, anaetaka akakiangalie.

Na hili la kutawala ndo linanikera zaidi. Ureno zama zile ni nchi ya watu kama milioni moja tu, na hao hao wawepo Brazil, wawepo Goa ya Bara Hindi waliyoichukua 1510, Malacca ya Malaysia 1511, Hormuz ya Ghuba 1515, alafu na mwambao wetu mpaka Sofala kule Msumbiji, sasa watu wa kujaza kote huko watoke wapi? Ndo mana walishika bandari tu na kulazimisha vyombo vikate cheti chao, wenyewe wakikiita cartaz, ukikutwa baharini huna basi mzigo umekwenda na chombo pia kinaweza kwenda. Hapa Unguja alikuja nahodha wao Ravasco 1503, akateka vyombo vya watu, akamuwekea mfalme kodi ya kila mwaka, akashika njia yake. Kilwa na Mombasa walionja machungu zaidi, 1505 mkuu wao wa manowari Almeida alizipora zote mbili na Mombasa akaitia moto. Lakini kwetu mfalme alibaki wetu, Mreno ana wafanyabiashara wake wachache na mapadri basi.

Mwisho wake nao tunauhadithia kama vile Waomani waliamka asubuhi moja wakamfukuza. Kwanza 1580 mfalme wa Hispania alichukua na taji la Ureno, maadui wa Hispania wakawa maadui wa Mreno, Waholanzi wakaanza kumnyofoa. Hormuz ikaenda 1622 kwa Waajemi wakisaidiwa na meli za Waingereza, Malacca 1641 kwa Waholanzi, Maskati 1650 kwa Muomani. Muomani alipoipata Maskati akapata na meli za Mreno zilizokuwemo bandarini, na 1652 huyo kashafika Unguja anawapiga Wareno.

Ngome ya Mreno ya Mombasa, ile ilioanza kujengwa 1593, ilizingirwa na Waomani kuanzia Machi 1696 mpaka Disemba 1698. Waliokufa kwa maradhi humo ndani ni wengi mno. Na hapa ndo panaponivutia mimi, walioilinda wengi walikua Waswahili, makepteni wa Kireno walipokufa aliebaki anaongoza ni Bwana Daud wa Faza, Muislamu. Malkia Fatuma wa Unguja akawa anawapelekea chakula, akaishia kuchukuliwa na Waomani mpaka Maskati. Kuna watakaosema wasaliti, mimi simo. Kila mji ulikua na hesabu zake, Faza na Pate, miji miwili ya kisiwa kimoja huko Lamu, hawapikiki chungu kimoja, na Pate yuko na Muomani, wewe ungemtaka Faza ende wapi? Manowari za msaada kutoka Goa zilifika siku chache tu ngome ishatekwa, wakaona bendera ya Muomani inapepea wakageuza. 1728 Wareno wakajaribu tena wakaichukua Mombasa, mwaka uliofata watu wa Mombasa wenyewe wakawatoa.

(Sisi Wapemba wazee wanasema Mreno katuachia mchezo wa ng'ombe. Inawezekana, ila wa kwetu ng'ombe anachokozwa tu na ngoma inapigwa, jioni anarudi zake bandani.)

Kusini ya Ruvuma, yaani Msumbiji, ndo Mreno alikong'ang'ania mpaka 1975, na huko nako kaondoshwa na vita vya FRELIMO, chama kilichoundwa Dar es Salaam 1962, pamoja na askari wake mwenyewe waliochoka na vita wakaipindua serikali Lisbon Aprili 1974.

Ombi langu kwa wanaowafundisha hawa vijana, wapelekeni kwenye ule ukuta wa kanisa wauone kwa macho yao kabla hamjawapa kazi. Na wewe mhariri ukipata ukurasa tuandikie habari za Malkia Fatuma, mana mwanangu yuko kidato cha pili na jina hilo hajawahi kulisikia skuli.

Msomaji wako,
Chake Chake, Pemba