Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Hekalu la Tianfei na Jiwe la Changle

Ndugu wanachama,

Mwaka huu muda wetu mwingi umekwenda kwenye jiwe moja lenye maandishi. Limesimama Changle, jimbo la Fujian, Uchina, lina kimo cha sentimita 162 na herufi 1,177. Kwetu watu wa pwani lina thamani ya pekee, kwani linazitaja Mogadishu na Barawa.

Jiwe ni la hekalu la Tianfei, mungu wa kike wa Wachina, mlinzi wa mabaharia. Zheng He, amiri wa majahazi ya mfalme wa Uchina, aliomba hekalu hilo lijengwe mwaka 1412, askari wake wapate pa kusalia wakingoja upepo wa kaskazi. Mwaka 1431, kabla ya safari yake ya saba, ukajengwa kando ya hekalu ukumbi wa Kitao (dini ya jadi ya Uchina) wa Sanqing, yaani Watakatifu Watatu, na jiwe likachongwa.

Tianfei ndiye anayeitwa pia Mazu. Husimuliwa kwamba alizaliwa mwaka 960 kisiwani Meizhou, akaitwa Mo, "kimya", kwa kuwa hakulia. Siku moja, akiwa usingizini, roho yake ilikwenda kuwaokoa baba na kaka zake baharini. Mama akamwamsha, na kaka mmoja akamponyoka. Hiyo tumeiandika kama ngano. Lakini jiwe lenyewe linasema kwamba dhoruba ilipowakaba, taa ya mungu iliwaka juu ya mlingoti na hofu ikawatoka. Hapo kuna kitu kilichoonekana kwa macho: wakati wa radi, umeme hung'aa kwenye ncha ya mlingoti. Tusiufute ushuhuda huo kwa sababu tu umevaa nguo za imani.

Kosa lililojirudia katika madaftari yetu ni la miaka. Jiwe huhesabu kwa utawala wa mfalme. Kwa utawala wa Yongle ongeza 1402, si 1403, maana mwaka wa kwanza ni 1403 wenyewe. Kwa utawala wa Xuande ongeza 1425. Hivyo Yongle 15 ni 1417, mwaka wa safari ambayo Mogadishu ilitoa simba na Barawa ikatoa ngamia na "ndege-ngamia", yaani mbuni. Historia rasmi ya nasaba ya Ming, iliyotawala Uchina wakati huo, iliyokamilishwa mwaka 1739, iliiruka safari ya 1407 hadi 1409. Jiwe linayo, na lilichongwa kwa amri ya waliosafiri. Vikipingana, tufuate jiwe.

Wenye madaftari ya zamani wayasahihishe kabla ya mkutano mkuu.

Mwenyekiti