Mtandao wa mpira upo, wa wateja haupo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Wiki iliyopita nilikwenda kulipia jambo langu kwenye ofisi moja hapa Tanga mjini. Nikakuta foleni imefika nje, na kwenye kioo pamebandikwa karatasi: MTANDAO UPO CHINI, SAMAHANI KWA USUMBUFU. Mzee mmoja aliyetoka Pongwe tangu alfajiri akauliza huo mtandao utapanda lini. Kijana wa kaunta akainua mabega tu. Nilipochungulia, kumbe anatazama mpira kwenye simu yake, tena kwa waifai ya ofisi hiyohiyo.

Nimeshindwa kunyamaza kwa sababu hiyo ndiyo kazi inayonilisha. Mwaka wa tisa huu nachunga seva, yaani kompyuta kubwa zinazohudumia watu wengi kwa pamoja, za kampuni moja ya uwakala wa forodha. Tuna makarani 34: wengine hapa mjini, wengine bandarini, wengine mpakani Horohoro. Mezani hawana kompyuta kamili. Kila mmoja ana kisanduku kidogo ambacho hakizidi ukubwa wa msahafu, skrini na kibodi, basi. Kompyuta yenyewe, pamoja na programu za hesabu na za nyaraka, zimo kwenye seva nne chumbani kwangu, na wao huletewa picha yake. Karani wa Horohoro akibonyeza herufi, inaandikwa huku Tanga. Raha yake ni kwamba nikitengeneza mahali pamoja nimewatengenezea wote. Na nikiharibu, mwenyewe utamalizia.

Sasa hicho kiitwacho "mtandao upo chini" mara nyingi ni seva iliyochoka kwa kutotunzwa. Sisi pia tulikuwa na ugonjwa huo. Kila siku saa mbili kasorobo asubuhi watu wakianza kuingia, kilio kinaanza. Siku moja nikavuta kiti, nikakaa nyuma ya dada mmoja wa hesabu na saa yangu mkononi. Tangu aandike nywila hadi aone kazi yake: dakika nne na sekunde kumi. Akaniambia yeye huwa anabonyeza kisha anakwenda kununua chai na mkate wa ajemi, akirudi anakuta iko tayari. Nilidhani ananitania.

Nikafukua. Kwanza, programu ya kukinga virusi ilipangiwa kukagua seva zote nne kwa mpigo, saa mbili kasorobo asubuhi, muda ule ule watu wanapoingia. Aliyeipanga ni mimi. Pili, seva zilikuwa kwenye hali ya kubana umeme, ndivyo Windows Server, programu inayoendesha seva zetu, inavyokuja usipoigusa, kwa hiyo prosesa, yaani bongo za seva, zilikuwa zinasinzia. Tatu, na hii ndiyo iliyonichekesha, dada yule alihifadhi video ya harusi ya mdogo wake kwenye uso wa skrini yake (desktop), gigabaiti 11. Mafaili ya mtu kwetu humfuata kwenye seva yoyote atakayoangukia siku hiyo, maana yake kila asubuhi harusi nzima ilikuwa inahamishwa, na ngoma zake, ndipo yeye apate kufungua kitabu cha mauzo. Nikaipeleka harusi kwenye folda isiyohama, ukaguzi wa virusi nikausogeza saa nane usiku, prosesa nikaziamsha. Siku ya pili, sekunde 35. Hatukununua hata waya.

Viraka, yaani marekebisho ya kuziba matundu ya usalama kwenye programu, ndivyo vigumu zaidi, kwa sababu havionekani. Microsoft, wenye Windows, hutoa vyake kila Jumanne ya pili ya mwezi, utaratibu ulioanza mwaka 2003. Kwetu huwa ni saa mbili au saa tatu usiku, kulingana na majira ya saa ya Marekani. Wakubwa wengi huona ni usumbufu wa kuwauzia watu vitu vipya. Wasichojua ni kwamba kiraka kikitoka, mwizi naye anakichukua, anakilinganisha na programu ya zamani, anajua tundu lilikuwa wapi. Mwaka 2017 kiraka kilitoka Machi 14, na kirusi cha WannaCry kikapita kwenye tundu hilo hilo Mei 12. Hospitali za Uingereza zikarudisha wagonjwa nyumbani. Siku 59 zilikuwepo za kuziba.

Na kuziba peke yake wakati mwingine hakutoshi. Oktoba 10, 2023 kampuni ya Citrix, ambao vifaa vyao ndivyo lango la kuingilia kwenye seva kwa watu wengi wanaofanya kazi kwa mtindo huu wetu, walitoa kiraka cha lango hilo. Tundu lilikuwa linavujisha alama ya siri ya mtu aliyekwisha kuingia, na mwenye alama hiyo haulizwi nywila tena. Waliopachika kiraka wakalala, kumbe alama zilizoibwa bado zinafanya kazi. Ilibidi kumtoa kila mtu aliyemo, mwema na mbaya, aingie upya. Ni sawa na kubadili kitasa na mwizi yuko uvunguni.

Nisijifanye malaika. Kuna mwaka nilipachika kiraka kwenye seva zote nne usiku mmoja bila kujaribu. Asubuhi kila karani akitaka kutoa karatasi kwenye printa, skrini inamdai nywila ya msimamizi, nayo naijua peke yangu. Malori matatu yakakaa getini mpaka adhuhuri yakingoja karatasi za kutolea mzigo, madereva wamelala chini ya turubai. Bosi akasema: kuanzia leo, kinachofanya kazi kisiguswe. Tukakaa miezi 14 bila kiraka. Miezi hiyo nililala vibaya kuliko usiku wa printa.

Siku hizi naanza na seva moja, nawaweka humo makarani wawili wavumilivu wiki nzima, wachape kila aina ya karatasi. Wakinyamaza, narekebisha nakala mama, ile ambayo seva zote hunakili kila zinapowashwa. Jioni nazuia wapya wasiingie, waliomo wanamaliza na kutoka wenyewe, ndipo nazima, moja baada ya nyingine. Haina uchawi, inataka muda tu.

Na muda ndio tunaonyimwa, Mhariri. Wakuu wa ofisi za Tanga, za umma na binafsi, wapeni mafundi wenu jioni moja kwa mwezi, itangazwe mapema, mteja wa Pongwe ajue asije siku hiyo. Wanaofunga duka kuhesabu mali mwisho wa mwaka hakuna anayewaita wavivu.

Mimi bosi wangu ameshanisainia Jumamosi ijayo, kuanzia saa kumi na mbili jioni. Ila chini ya saini ameongeza kwa kalamu nyekundu: "Mwisho saa nne usiku." Saa nne haitoshi, nakala ya akiba peke yake hula saa moja na nusu. Nimeichukua hivyo hivyo, na thamosi ya kahawa nimeshaiosha.

Fundi wa Seva,
Ngamiani, Tanga