Zana za akili mnemba ziandikiwe maelezo kamili

Mhariri,

Kampuni nyingi zinafungua mifumo yao ili itumiwe na mawakala wa akili mnemba, yaani programu zinazopokea ombi la mtu na kulitekeleza zenyewe. Fedha na muda huishia kwenye msimbo, yaani maagizo yanayoendesha programu, na maelezo ya zana, yaani kazi ambazo wakala anaweza kuuagiza mfumo uzifanye, huandikwa dakika ya mwisho. Sisi tunaounda mifumo hii tunaona hatari kubwa hapo.

Wakala haoni msimbo ulio ndani ya seva. Anachopewa ni jina la zana, maelezo yake, na orodha ya vigezo, yaani taarifa anazopaswa kujaza, na aina zake. Ndivyo ilivyo katika MCP (Model Context Protocol), itifaki ya kuunganisha mawakala na zana iliyotolewa na kampuni ya akili mnemba ya Anthropic Novemba 2024, na njia nyingine za kuunganisha zana hufanana nayo. Kwa hiyo sentensi moja yenye pengo inaweza kuharibu malipo ya mteja hata kama msimbo hauna dosari.

Tuchukue ombi la malipo la M-Pesa, lile linaloleta kidirisha cha kuweka PIN kwenye simu ya mteja. Katika Daraja, API ya Safaricom, yaani njia ya programu nyingine kuwasiliana na M-Pesa, ombi likipokelewa vizuri jibu la kwanza huja na ResponseCode 0. Sifuri hiyo haimaanishi mteja amelipa, bali kwamba ombi limekubaliwa kushughulikiwa. Matokeo huja baadaye kwenye anwani iliyowekwa katika CallBackURL, yakiwa na ResultCode: 0 amelipa, 1 salio halitoshi, 1032 mteja ameghairi. Sasa zana hiyo ikiandikiwa maneno manne tu, "Hutuma ombi la M-Pesa", wakala akiona 0 ataamini malipo yamekamilika, na mzigo utatoka dukani bila kulipiwa.

Maelezo yanayofaa yangesomeka hivi: "Hutuma ombi la malipo kwenye simu ya mteja. Haithibitishi malipo. ResponseCode 0 maana yake ombi limepokelewa tu. Tumia zana ya hakiki_malipo pamoja na CheckoutRequestID, namba ya utambulisho wa ombi, kupata matokeo. Usitoe risiti kabla ya ResultCode 0. Usitumie zana hii kumrudishia mteja fedha. Jibu lisipofika kabisa, usitume tena, mjulishe mhudumu."

Sentensi hiyo ya mwisho ina uzito. Mtandao ukikatika baada ya ombi kuondoka, wakala hana CheckoutRequestID ya kuulizia, na akirudia, mteja anaweza kulipa mara mbili. Hapa maandishi peke yake hayatoshi. Mfumo wa duka udai namba ya oda kama kigezo cha lazima, na ukatae ombi la pili la oda ileile hadi hatima ya la kwanza ijulikane.

Vigezo navyo vina mitego yake. Ukiandika "simu: maandishi" ukaishia hapo, wakala atajaza namba kama mteja alivyoiandika, pengine ikianza na 07 au na +254. Sema wazi: tarakimu 12, zianze na 254, bila alama ya kujumlisha wala nafasi, mfano 254700000000. Kiasi kiwe shilingi kamili, bila senti wala koma. Nenosiri la ombi na muhuri wa saa visiwe kazi ya wakala hata kidogo. Seva ivikokotoe yenyewe, na ufunguo wa siri usifike kabisa kwenye mazungumzo.

Kwetu Afrika Mashariki kuna la ziada. Msafiri anaomba tiketi ya basi la saa mbili usiku, na kigezo kimeandikwa "saa" tu. Wakala anaweza kujaza 02:00, msafiri akakatiwa basi ambalo hakulitaka. Andika: "Saa kwa mfumo wa saa 24, UTC+3. Mteja akisema saa mbili usiku, jaza 20:00. Asiposema ni asubuhi au usiku, muulize." Tarehe nayo iandikwe 2026-04-03, maana 03/04/2026 inaweza kusomwa Aprili au Machi.

Ujumbe wa kosa ni sehemu ya maelezo, ingawa wengi huusahau. "Ombi batili" humfanya wakala arudie yaleyale au abahatishe. "Namba ina tarakimu 10; zinatakiwa 12 zikianza na 254" humwezesha kurekebisha papo hapo. Ujumbe pia utenganishe kosa la kurekebishwa na lile lisilofaa kurudiwa, kama vile salio kutotosha.

Zana zinazofanana, mfano tafuta_mteja na pata_mteja, ziunganishwe, au sentensi ya kwanza ya kila moja itaje tofauti yake. Sifa za kampuni na historia ya mfumo ziondolewe, kwa sababu wakala hubeba maelezo ya zana alizopewa katika kila mazungumzo, na maneno ya ziada huyafunika yale ya muhimu.

Kisha maelezo hayo yajaribiwe. Andaa maombi kama 20, kwa lugha wanayotumia wateja wenyewe, Sheng na makosa ya tahajia yakiwemo. Mengine yakose taarifa muhimu, na machache yawe yale ambayo jibu sahihi ni kutotumia zana yoyote. Yaendeshe kwenye mazingira ya majaribio, yasiyo na fedha halisi, ukiangalia wakala amechagua zana gani na amejaza nini. Akikosea, rekebisha maneno kabla ya kulaumu akili mnemba, kisha rudia orodha nzima, kwa kuwa sentensi mpya inaweza kuponya ombi moja na kuvuruga jingine.

Tunawaomba wakuu wa idara wanaopokea mifumo kutoka kwa wakandarasi wadai maelezo haya na matokeo ya majaribio yake kabla ya kutia saini ya kupokea kazi. Msimbo ukibadilishwa baadaye, maelezo yabadilishwe siku hiyohiyo na mtu yuleyule.

Wasanidi wa programu,
Nairobi