Mapishi ya krispi na sosi mpya: chapisheni gramu

Kwako Mhariri,

Kurasa za mapishi siku hizi zina samaki waliopakwa krispi za ladha, kuku wa sosi ya pilipili na asali, mboga zilizotiwa unga wa viungo unaotoka kwenye pakiti za tambi. Tunaunga mkono majaribio hayo. Bidhaa zenyewe zimejaa madukani, kuanzia Kibuye hadi Kondele hapa Kisumu, na mtu aliyechoka na mchuzi uleule ana haki ya kujaribu. Tunacholalamikia ni maelekezo. Mapishi mengi husema "ongeza kiasi" na kuacha hapo, bila gramu wala kueleza kitu kinaingia sufuriani saa ngapi. Msomaji akiharibu chakula hudhani hajui kupika, kumbe hakuelekezwa.

Tuanze na samaki wa krispi, kwa kuwa ndiye anayeharibika zaidi. Kwa nusu kilo ya minofu ya mbuta, iliyokatwa vipande vya unene wa sentimita moja na nusu, tumia gramu 80 za krispi, unga wa ngano vijiko vikubwa vitatu na yai moja. Pakiti ya krispi hujazwa gesi ya nitrojeni ili zisivunjike wala mafuta yake yasichache, kwa hiyo itoboe kwanza kwa ncha ya kisu, la sivyo itakupasukia. Kisha pitisha kifimbo cha chapati juu yake hadi upate chenga kama za mchele. Usizitie kwenye mashine ya kusaga. Zikiwa unga kabisa hutoa mafuta yake, zikawa kama uji mzito, na samaki akatoka na ngozi laini badala ya ganda linalovunjika.

Mpanguse samaki kwa kitambaa safi hadi awe mkavu. Maji yakibaki yatageuka mvuke ndani ya mafuta, na mvuke huo ndio unaobandua ganda. Mpitishe kwenye unga, kisha yai, kisha chenga, ukikandamiza kwa kiganja. Mwache dakika 10 kabla ya kumkaanga ili unga unywe unyevu wa yai na ushike. Hatua hii ya mwisho karibu kila mtu huiruka.

Mafuta yawe na joto la nyuzi 170 hivi. Usiyangoje yatoe moshi kama unavyofanya na ngege mzima. Krispi zimekwisha kukaangwa kiwandani, na unga wake wa ladha mara nyingi una sukari, na ule wa jibini una maziwa ya unga pia. Vyote hivyo huungua kabla nyama ya samaki haijaiva ndani. Dakika tatu hadi nne kila upande zinatosha. Krispi za jibini ni bora zipelekwe kwenye oveni, nyuzi 190, dakika 15. Za pilipili zikiungua kwenye karai, nyumba nzima itakohoa.

Chumvi ndiyo inayoponza wengi. Krispi huja na chumvi yake, kwa hiyo samaki huyu asitiwe nyingine wala asiloweshwe kwenye mchuzi wa unga wa pakiti. Soma nyuma ya pakiti. Ikiandikwa sodiamu, zidisha kwa 2.5 upate chumvi. Miligramu 600 za sodiamu katika gramu 100 ni gramu 1.5 za chumvi, kwa hiyo gramu 80 zitakupa gramu 1.2. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku. Gramu 1.2 zikigawanywa kwa watu wanne si tatizo. Tatizo huja pale sahani ileile inapokuwa na sukuma wiki yenye Royco, na pembeni sosi ya soya. Kijiko kikubwa kimoja cha sosi ya soya kina takriban miligramu 900 za sodiamu, yaani zaidi ya gramu 2 za chumvi. Sheria yetu jikoni ni kitu kimoja cha pakiti kwa mlo mmoja.

Sasa mboga za huku kwetu, ambazo mapishi ya kigeni hayazijui. Mrenda hupikwa kwa magadi au musherekha (maji ya jivu yaliyochujwa) ili ulainike na uvutike. Vyote viwili ni alkali, yaani kinyume cha asidi. Sosi nyingi mpya za pilipili zina siki, na krispi za chachu zina asidi kwenye unga wake. Ukimimina sosi hiyo kwenye sufuria ya mrenda, mboga itafura povu, kwa kuwa asidi na magadi hukutana na kutoa gesi. Uchachu ulioununua unakwisha palepale, mvutiko unapungua, na sosi ikizidi kijani kinageuka rangi ya majani makavu. Mtu huona uchachu umepotea, akaongeza sosi tena, na kila kijiko kinaleta chumvi zaidi juu ya sodiamu iliyomo tayari ndani ya magadi. Sosi ya chachu iwekwe kwenye kibakuli pembeni, mtu achovye ugali. Ukitaka pilipili ndani ya mrenda, tumia mbichi iliyopondwa.

Asidi hiyohiyo hukata maziwa. Omena wa maziwa akitiwa sosi ya siki yakiwa yanachemka, utapata mabonge meupe yanayoelea kwenye maji. Malai hustahimili kuliko maziwa mepesi kwa sababu yana mafuta mengi na protini kidogo. Kwa vyovyote epua sufuria kwanza, subiri dakika mbili, kisha tia kijiko cha chai kimoja kimoja huku ukikoroga. Kwa maoni yetu omena wa maziwa hahitaji sosi hata kidogo. Samaki mkavu na nyanya iliyoiva vina glutameti yao ya asili, ile ladha ambayo Kikunae Ikeda aliitoa kwenye mwani huko Japani mwaka 1908 na ambayo leo huandikwa E621 kwenye pakiti. Kumwongezea omena unga huo ni kulipia kitu ambacho tayari unacho.

Sosi za nyanya na za asali kwenye kuku wa mkaa: mpake dakika tano za mwisho tu, akiwa ameshaiva. Ukimpaka mwanzo, sukari itakuwa nyeusi na chungu huku paja bado lina damu.

Njugu za limau na pilipili zinafaa sana kwenye kunde au osuga (mnavu). Ponda gramu 50 kinuni, zikoroge na maji ya uvuguvugu nusu kikombe, mimina mboga ikishaiva, moto uwe mdogo, dakika tano. Moto mkali hutenganisha mafuta na kufanya rojo lishike chini. Mboga hiyo isiwe na magadi, kwa sababu zilizotajwa.

Krispi zilizobaki chini ya pakiti pia huongeza uzito wa mchuzi. Wanga wake umeshaiva, hivyo hunywa maji bila kuchemshwa kwa muda mrefu. Tia kijiko kikubwa kimoja, ngoja dakika mbili, ndipo uamue kama unahitaji kingine. Zinuse kwanza. Mafuta yaliyochacha hayafichwi na kiungo chochote.

Tunaomba basi, Mhariri, kila pishi la aina hii mnalochapisha litaje gramu za bidhaa ya pakiti, chumvi iliyomo, hatua ya kuitia, na kama ina njugu, soya, ngano au maziwa, kwa ajili ya wasomaji ambao miili yao huvikataa. Mistari minne itatosha.

Wapishi wawili,
Kisumu