Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mwaka Wetu na Jina la Sykes

Ndugu wanachama,

Nawasalimu nyote, mlio hapa ukumbini na mtakaoisoma taarifa hii nyumbani. Mkutano mkuu uliopita uliagiza tuache kudonoa majina mengi ya ukoo kwa wakati mmoja, tushike jina moja la hapa West Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, na kulichimba asili yake. Likachaguliwa Sykes bila kupingwa. Kwa sisi tunaoishi Huddersfield na vitongoji vyake, jina hili tunakutana nalo madukani, makaburini na kwenye orodha za darasa za watoto wetu.

Asili yake ni kijito. Katika Kiingereza cha kale neno hili lilitaja kile kijito chembamba cha milimani ambacho mara nyingi hukauka kiangazi, na ambacho wakulima walikitumia kama mpaka wa mashamba. Tulipopanda juu ya kijiji cha Slaithwaite tulikiona kimoja. Maji yalikuwa ya rangi ya chai ya rangi kwa sababu ya mboji, yakijipenyeza kwenye manyasi hadi kwenye ukuta wa mawe yaliyopangwa bila udongo wala saruji, na chini ya ukuta mjenzi alikuwa ameacha tundu ili yapite. Aliyejenga kando ya maji kama hayo aliitwa kwa jina la maji hayo.

Ajabu ni kwamba jina likaganda. Wengi wetu hubeba jina letu, la baba na la babu, na kila kizazi kipya la babu wa zamani hudondoka. Uingereza nako majina hayakuwa yakirithiwa. Baada ya Wanormani, kutoka kaskazini mwa Ufaransa, kuiteka nchi mwaka 1066, wenye ardhi ndio walioanza kurithisha majina. Watu wa kawaida wakafuata polepole, na kufikia miaka ya 1400 wengi wao walikuwa na jina la ukoo.

Hazina yetu kubwa mwaka huu imekuwa orodha za kodi ya kichwa za mwaka 1379, zilizoandikwa kwa Kilatini, kijiji baada ya kijiji. Mtu wa kawaida na mkewe walilipa peni 4, fundi peni 6. Ukizisoma kwa utulivu unaona wengine tayari wana jina kamili, huku mtumishi wa nyumba hiyohiyo akiandikwa kuwa ni mtumishi wa fulani tu. Nawahimiza msiishie kwenye rejista za parokia, yaani vitabu vya kanisa vya ubatizo, ndoa na maziko, ambazo Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry VIII, aliziagiza mwaka 1538. Kufikia hapo majina yalikuwa yamekwisha kukomaa.

Swali lililotugawa ni hili: vijito viko kila bonde, je, akina Sykes wana babu mmoja au wengi? Wataalamu wa zamani walisema wengi. Mwaka 2000 Bryan Sykes, mtaalamu wa jenetiki wa Oxford, pamoja na Catherine Irven, walichapisha vipimo vya kromosomu Y, ile ambayo baba humpa mwanawe wa kiume. Bryan alikuwa ameulizwa kama ana undugu na Sir Richard Sykes, mkuu wa kampuni ya dawa ya Glaxo, akapima, na kromosomu zao zikalingana. Kisha wakapimwa wanaume 48 wa jina hilo kutoka Yorkshire, Lancashire na Cheshire, na karibu asilimia 44 walikuwa na aina moja ya kromosomu hiyo. Watafiti wakahitimisha kwamba mwanzilishi alikuwa mmoja, miaka 700 hivi iliyopita. Wasiolingana walielezwa kuwa wazao wa watoto wa nje ya ndoa au wa kulelewa, waliokadiriwa kuwa asilimia 1.3 kwa kila kizazi.

Baadhi yenu mlilichukua hilo kama hukumu ya mwisho. Mimi sikubaliani. Sehemu za kromosomu zilizolinganishwa zilikuwa nne tu. Mwaka 2009 wanajenetiki Turi King na Mark Jobling walichapisha utafiti wa wanaume 1,678 wa majina 40. Walionyesha kwamba majina adimu ndiyo yenye undugu wa karibu zaidi, ilhali akina Smith hawakutofautiana na watu waliookotwa popote. Tena, ukoo mmoja waweza kujaa wana kwa bahati tu na mwingine ukafutika, hata kama waanzilishi walikuwa kadhaa. Naomba tufuate njia ya marehemu George Redmonds, bingwa wa majina ya Yorkshire: shamba na hati kwanza, damu baadaye.

Wanachama wanaotoka Tanzania wameuliza sana kuhusu akina Sykes wa Dar es Salaam: Mzee Kleist, aliyekuwa miongoni mwa waasisi wa African Association, chama cha Waafrika wa Tanganyika, mwaka 1929, na mwanawe Abdulwahid, mmoja wa waasisi wa TANU, chama kilichopigania uhuru, mwaka 1954. Baba yake Kleist ni Sykes Mbuwane, askari wa Kizulu aliyechukuliwa Msumbiji na jeshi la Wissmann, kamanda wa Kijerumani, mwishoni mwa miaka ya 1880. Nasaba yao ni ya huko, na inastahili kuandikwa kwa heshima yake yenyewe, si kama tawi la Yorkshire.

Kwa mwaka ujao kamati inapendekeza Walker, jina la waliokanyaga nguo za sufu majini ili zishikamane. Kazi ni hiyohiyo, lakini kusini magharibi wakaitwa Tucker, na kusini mashariki Fuller. Mhazini atasoma hesabu, kisha tutalipigia kura pendekezo hili.