Matete yasafishe maji taka ya mabweni

Ndugu Mhariri,

Maji taka ya mabweni ya Iringa yasiachwe yatiririke hadi Mto Ruaha Mdogo. Bwawa la changarawe lililopandwa matete huyasafisha bila umeme wala dawa: bakteria wanaoganda kwenye changarawe na mizizi ndio wanaokula uchafu.

Kina kiwe sentimita 60, sakafu isiyovuja, mteremko asilimia 1. Mawe makubwa yakae maji yanapoingilia na yanapotokea. Katikati changarawe ya milimita 10 hadi 20, iliyooshwa. Maji yabaki sentimita 5 chini ya uso wa changarawe, mbu wasipate pa kuzalia.

Kinachoyaua mabwawa haya ni karo, yaani tangi linalotuamisha tope kabla maji hayajaingia bwawani, lisilonyonywa. Tope hupita, changarawe ya mwanzoni huziba. Ukiifukua ni nyeusi, inanuka mayai viza, na maji machafu yanatuama juu. Wakuu wa shule, tunawasihi: tope likifika theluthi ya karo, linyonywe. Tena msibane eneo kuokoa fedha, kwani kwa baridi yetu ya Juni na Julai bakteria hufanya kazi polepole.

Wadau wa maji,
Iringa